Kasoro za Kiatomi na Mageuzi ya Awamu: Kutoka Chuma cha Kamukunji hadi Aloi Zenye Kumbukumbu ya Umbo

Katika karakana za jua kali (sekta isiyo rasmi ya mafundi) za Kamukunji, jirani na mtaa wa Shauri Moyo jijini Nairobi, tindo inayofuliwa kwa springi chakavu ya gari hupashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha huzimwa majini ili ncha yake iwe ngumu. Ugumu huo hutokana na mageuzi ya awamu, yaani badiliko la mpangilio wa atomi ndani ya metali ambayo bado ni yabisi, na mageuzi ya jamii hiyohiyo ndiyo huziwezesha aloi za nikeli na titani kulirudia umbo la awali zinapopashwa moto. Makala haya yanadai kwamba kinachoamua hatima ya mageuzi hayo, katika chuma na katika aloi hizo pia, ni kasoro za kiatomi, yaani atomi geni au zilizo mahali pasipo pake, na safu za atomi zilizoachana.

Chuma chenye moto mkali huwa katika awamu iitwayo austenaiti, ambamo atomi za kaboni hujipenyeza katika nafasi finyu zilizo baina ya atomi za chuma. Kikipozwa ghafla, atomi hazipati muda wa kutawanyika, bali husogea kwa pamoja na kuunda martensaiti, awamu iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens, na kaboni iliyonaswa humo huukaza mpangilio mzima. Kadiri kaboni inavyozidi, ndivyo joto la kuanza mageuzi linavyoshuka. Chuma hicho kikipashwa moto tena, kaboni hujitenga na kuunda kabaidi kabla njia ya kurudi haijafunguka, na ndiyo maana tindo haina kumbukumbu ya umbo.

Aloi ya nikeli na titani, iliyochunguzwa na William Buehler nchini Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, huweza kurudi kwa kuwa atomi zake husogea bila kuvunja ujirani wao. Hata hivyo, nikeli ikizidi nusu ya atomi zote, atomi za ziada hukalia nafasi za titani, na ongezeko la asilimia 0.1 tu huweza kulishusha joto la mageuzi kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Mwaka 2005 Sarkar, Ren na Otsuka walionyesha kwamba nikeli ikifikia asilimia 51.5, mageuzi ya kawaida hayatokei kabisa, kwani kasoro huyagawa katika vijieneo vidogo visivyoelekea upande mmoja. Aloi yenye nikeli ya ziada ikiwekwa katika nyuzi 400 hadi 500, nikeli hiyo hujitenga katika chembe ndogo, na joto la mageuzi hupanda tena.

Kwa hiyo si sahihi kuiona kasoro kama dosari tu, ingawa si kila kasoro yenye manufaa: misegeko, yaani mistari ambamo safu za atomi zimeachana, hulimbikizana kila aloi inapogeuka na kurudi, na kuidhoofisha kumbukumbu yake. Ubora wa metali hutokana na kudhibiti aina, idadi na mahali pa kasoro. Hapo ndipo fundi wa Kamukunji anaponyimwa haki, maana hununua chuma kisichojulikana kaboni yake, na uzimaji uleule humpa tindo ngumu leo na tindo ya kuvunjika kesho. Waraka wa Bunge Namba 2 wa 1992 uliipa jua kali nafasi katika mipango ya taifa la Kenya. Nafasi hiyo itakamilika pale ambapo huduma ya kupima kaboni na viambato vingine vya chuma chakavu itakapowekwa karibu na karakana, kwa kuwa ustadi wa mkono wa fundi hauwezi kudhibiti kasoro ambazo hana njia ya kuzijua.