Pete Inayonuka

Ubani unanukia, samaki aliyevunda ananuka. Irabu moja tu, na maana imegeuka kichwa chini miguu juu. Mfasiri wa kemia akiisahau irabu hiyo, ataumbuka siku atakapofika kwenye kampaundi zinazoitwa aromatiki. Niliwahi kusoma rasimu iliyoziita “kampaundi zinazonukia”, na mfano wa kwanza uliotolewa ulikuwa piridini. Mwandishi, bila shaka, hajawahi kufungua chupa ya piridini. Legeza kizibo kidogo tu, uvundo wa samaki unakurukia puani na kukuganda kwenye shati hadi jioni.

Jina lenyewe lilianza kwa haki. Wakemia wa karne ya 19 walishughulika na mafuta na utomvu wenye kunukia kweli, wakaona kwamba vitu hivyo vina undugu. Hata jina la benzini limetoka kwenye chetezo. Waarabu waliuita utomvu wa Sumatra “luban jawi”, yaani ubani wa Java. Wazungu wa Mediterania wakadhani “lu” ni kibainishi tu, wakaikata. Ikabaki benjui, kisha benzoini. Kutoka kwenye asidi ya utomvu huo Eilhard Mitscherlich alipata kimiminika alichokiita benzini katika miaka ya 1830. Sisi nasi tulilipokea neno lilelile la luban, tukadondosha herufi ya kwanza na kuongeza irabu mwishoni, tukapata ubani. Kwa hiyo anayefukiza ubani harusini na anayechemsha benzini maabarani wanatumia neno moja, kila mmoja na kipande chake.

Baadaye undugu ule ulionekana hautokani na harufu. Mwaka 1931 Erich Hückel alieleza kwa hesabu kwa nini pete bapa yenye elektroni sita zinazozunguka kwa ushirika huwa tulivu kupita kiasi. Tangu hapo pua haina kazi katika suala hili. Jina lilibaki, maana ikahama.

Nimesema pete, na hapo Kiswahili hakihitaji kuazima. Tena pete yetu ina faida ambayo “duara” halina: pete huwekwa kito. Chukua pete ya benzini yenye kaboni sita, ng’oa kaboni moja pamoja na haidrojeni yake, pachika naitrojeni. Hiyo ndiyo piridini. Kito chake kimechomoza: naitrojeni ina jozi ya elektroni inayotazama nje, haikutolewa kwa shirika la pete, kwa hiyo iko tayari kudaka protoni. Ndiyo maana piridini ni besi. Sasa tazama piroli, pete ya atomu tano. Humo kaboni nne zimeleta elektroni nne, na naitrojeni imelazimika kuchangia jozi yake ili zitimie sita. Kito kimezamishwa ndani ya dhahabu. Piroli, kwa sababu hiyo, ni besi dhaifu mno, ingawa naitrojeni ni ileile. Mwanafunzi aliyewahi kuona pete ya sonara ataelewa tofauti hii haraka kuliko kwa kukariri fasili.

Naitrojeni nayo ina kisa chake. Jina hilo alilipendekeza Jean-Antoine Chaptal mwaka 1790, akimaanisha kizaa-shura. Lakini “nitron” ya Wagiriki wa kale ilikuwa magadi, na kutoka shina hilohilo tumepata jina la Ziwa Natron, kule Tanzania kaskazini. Ndugu wa tumbo moja hao, ingawa magadi safi hayana hata chembe ya naitrojeni. Mkemia Lavoisier alikuwa ameiita naitrojeni “azote”, isiyo na uhai, kwa kuwa mnyama hufa ndani yake. Mkia wa jina hilo bado unaburutwa katika imidazoli na ndugu zake. Kejeli iliyoje! Pete za purini na pirimidini, zilizojaa hiyo “isiyo na uhai”, ndizo zinazobeba maandishi ya urithi katika DNA ya kila kiumbe hai. Klorokwini ya zamani, dawa ya malaria iliyotuwasha mwili mzima, nayo ina pete mbili zilizoungana za kwinolini, na naitrojeni imekaa katika mojawapo.

Basi tufanyeje? Majina ya vitu, kama piridini, piroli na purini, tuyaache yalivyo kwa tahajia yetu. Kuyatafsiri ni kupoteza wino. Pete ibaki pete. Aromatiki ibaki aromatiki, neno geni lisilomdanganya mtu, kuliko neno la nyumbani linalomwahidi manukato. Nanyi mnaoandaa vitabu vya kiada, pale piridini inapotajwa mara ya kwanza, mwambieni mwanafunzi waziwazi kwamba inanuka.