Nguo Zenye Ukoo: Kanga, Viwanda na Mafundi wa Dar es Salaam

Kabla Dar es Salaam haijawa na kiwanda hata kimoja cha nguo, kanga zilizovaliwa Magomeni na Temeke zilikuwa mali ya koo chache za wafanyabiashara wa Kihindi. Wao ndio waliochagua michoro na kuagiza. Uchapaji ulifanyika Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani, kisha doti zikarudi pwani kwa meli. Mombasa palikuwa na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo alama yake ya "Mali ya Abdulla" ilijulikana pwani nzima. Dar es Salaam palikuwa na Kassamali Gulamhussein. Mwanamke aliyetaka doti ya Idi au ya sanduku la harusi aliitazama alama ya namna hiyo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu ilimhakikishia kwamba rangi haitachuja.

Hiyo ilikuwa anasa halisi ya pwani, na iliendeshwa kwa kurithishana. Mtoto wa mwenye duka alikulia kaunta, akisikia wateja wakilalamikia pindo lililokaa vibaya au jina lisilo na ladha, na alipofika umri wa kushika biashara alikuwa ameshaijua nguo. Kwa upande huo undugu ulikuwa chuo. Lakini ulikuwa na ukuta pia. Wanawake wa Uswahilini ndio walioamua mchoro gani utoke na upi udode, nao hawakuwa na fungu lolote katika faida. Naliona hilo kuwa deni la kihistoria, na halijazungumzwa vya kutosha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kuubomoa ukuta huo. Mwaka uliofuata kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Ubungo. Kilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China na kuajiri maelfu ya watu. Upande wa Temeke, kiwanda cha KTM cha Mbagala nacho baadaye kilikuja kutoa kanga na vitenge. Pamba ya Usukumani ingesokotwa, ifumwe na kuchapwa nchini, na hapangekuwa na mtoto wa tajiri wa kuurithi mtambo. Lilikuwa wazo zuri, na bado naliheshimu.

Kilichokosekana ni mtu wa kuuonea mtambo uchungu. Mameneja wa mashirika ya umma walihamishwa kwa barua. Fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970, vipuri navyo vikakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu kiasi kwamba mteja alichukua alichokikuta, na hakuna aliyemuuliza kama pindo limekaa sawa. Undugu uliofukuzwa mlango wa mbele ukaingia wa nyuma: kupata kazi, au hata doti moja, kukategemea unamjua nani. Undugu wa namna hiyo ni mbaya kuliko ule wa dukani, kwa sababu haumfundishi mtu chochote. Mwaka 1997 Urafiki ikawa kampuni ya ubia, Wachina wakiwa na asilimia 51 na serikali 49.

Ubinafsishaji ulimrudisha mrithi. Mohammed Dewji, aliyesoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, aliingia katika biashara iliyojengwa na baba yake Gulamabbas, na kampuni yao ya MeTL ikanunua viwanda vya nguo vikiwemo vya Morogoro na Musoma. Hakuna anayeshangaa. Hata Paris, Bernard Arnault wa kampuni ya bidhaa za kifahari ya LVMH ameingiza watoto wake wote watano katika kampuni, na mwaka 2023 binti yake Delphine akapewa Dior. Ila ukoo pekee hauokoi jina. Akina Gucci walipigana wenyewe kwa wenyewe hadi Maurizio akauza hisa za mwisho za familia mwaka 1993.

Siku hizi kampuni kubwa za mitindo hujisifu kwa kulinda mazingira. Kanga haikuhitaji tangazo hilo. Doti huanzia shughulini, huhamia jikoni, huwa mbeleko, na mwisho wake ni tambara la kudekia. Pamba ya Meatu isiyo na kemikali, ambayo mradi wa bioRe umeisimamia tangu mwaka 1994, imekuwa ikiishia kwenye maduka ya Ulaya, huku Tandika na Manzese zikipokea mitumba ya hukohuko. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba. Marekani ilipotishia kuzifungia AGOA, mpango wa kuuza bidhaa huko bila ushuru, Tanzania ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Kizazi kipya cha wabunifu hakikurithi viwanda. Mustafa Hassanali alisomea udaktari kabla ya kuanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Majukwaa ya namna hiyo yamefanya kazi kubwa, lakini ushonaji wenyewe wa jiji uko kwenye vibaraza vya Sinza, Manzese na Mbagala, ambako fundi cherehani humleta mpwa wake kutoka kijijini, humwanzisha kwa kukunja pindo na kushikiza vifungo, na baada ya miaka kadhaa humkabidhi mkasi. Huo ndio urithishanaji ninaoutetea, kwani hakuna anayekabidhiwa mkasi kabla hajajua kukata. Tatizo ni kwamba fundi humwachia mpwa cherehani na wateja, bila jina linalolindwa na sheria. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Halmashauri zinazotoza mafundi hawa ushuru wa kibaraza zingeweza kuanza kwa kuwapeleka huko.