Steringi hafi? Filamu zilizoumiza watu kweli Afrika Mashariki

Kwenye vibanda umiza kila mtu anaujua usemi huu: steringi hafi. Anarushwa kutoka ghorofani, anamiminiwa risasi, anainuka na kupangusa vumbi. Nyuma ya kamera mambo ni tofauti, na baadhi ya mifano mizito zaidi imetokea hapa hapa kwetu.

Wa kwanza ni Trader Horn. Kampuni ya MGM ya Marekani ilileta watu wake Afrika Mashariki mwaka 1929, wakarekodi Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na filamu ikatoka 1931. Mwigizaji wa kike, Edwina Booth, alifanya kazi juani kwa miezi akiwa amevaa nguo chache kama stori ilivyotaka. Alirudi kwao na maradhi yaliyomlaza kwa miaka. Akaishtaki MGM, kesi ikaishia kwenye makubaliano nje ya mahakama, na safari yake ya uigizaji haikufika mbali baada ya hapo.

Masimulizi ya filamu hiyo yanataja pia Waafrika wawili waliokufa kazini. Mmoja alitumbukia mtoni akaliwa na mamba. Mwingine aliuawa na kifaru huku kamera ikiendelea kurekodi. Booth anajulikana kwa jina lake kamili. Hawa wawili katika masimulizi mengi ni "wenyeji" tu, basi. Kwenye seti, anayebeba hatari kubwa mara nyingi ndiye mwenye malipo madogo.

Miaka 20 baadaye akaja dairekta John Huston na The African Queen, iliyotoka 1951 na kupigwa Uganda na Kongo. Kilichowaangusha watu pale hakikuwa simba. Ilikuwa maji. Kuhara damu na malaria viliipiga kambi nzima, na Katharine Hepburn aliigiza huku anaumwa tumbo vibaya. Humphrey Bogart na Huston walisalimika, na wenyewe walisema dawa ilikuwa wiski! Cha kujifunza zaidi ni hiki: zile sehemu ambazo Bogart na Hepburn wanaonekana ndani ya maji zilirekodiwa Uingereza, kwenye tangi la studio, kwa sababu mto halisi ulionekana ni hatari mno kwa mastaa.

Halafu kuna Hatari!, ya 1962, iliyochukua jina lake moja kwa moja kutoka Kiswahili. Dairekta Howard Hawks alirekodi Tanganyika, ikiwemo Momella chini ya Mlima Meru. Alitaka waigizaji wenyewe wakimbize wanyama. John Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, nje kabisa, akiwa na mti wenye kitanzi mkononi, gari likikimbizana na kifaru porini. Vifaru wale walikuwa wa kweli, wa porini, na hakuna aliyewafundisha kuigiza. Leo kwa uzalishaji wowote makini tukio kama hilo lisingeruhusiwa, na ni sawa lisiruhusiwe.

Anga nayo inaua. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza filamu ya Serengeti na baba yake Bernhard, alikuwa akirusha ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Filamu ilikamilishwa na baba yake, ikapata Oscar mwaka 1960. Michael amezikwa Ngorongoro, ukingoni mwa kreta. Huko Kenya, Alan Root, bingwa wa filamu za wanyama, alipoteza kidole kwa sumu ya kifutu na akang'atwa mguu na kiboko. Yeye aliishi hadi 2017.

Bunduki ni habari nyingine. Watu wengi wanadhani risasi baridi haina madhara. Mwaka 1993 Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alikufa Marekani kwa sababu kichwa cha risasi kilibaki kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kukagua. Ilipokuja kupigwa risasi baridi, baruti yake ikakisukuma kichwa kile nje kama risasi ya kawaida. Oktoba 2021 ikawa zamu ya mpigapicha Halyna Hutchins kwenye filamu ya Rust. Safari hii risasi hai ilikuwemo ndani ya bastola. Msimamizi wa silaha alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024.

Sasa hamisha hayo Isongole, wilayani Ileje, mpakani na Malawi. Vijana wana kamera, jenereta ya kukodi, bodaboda mbili na stori ya magendo. Wanataka kumkimbiza jambazi hadi Mto Songwe. Faru hakuna. Ila kuna maji ya masika, nyaya za umeme kwenye nyasi mbichi, dereva asiye na helmeti anayeambiwa "rudia tena, ongeza spidi", na watu wa mpakani ambao wakiona bunduki ya bandia hawajui kama ni ya bandia. Polisi nao hawajui kama hawakuambiwa mapema.

Kisheria, filamu Tanzania Bara inahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Usalama kazini unasimamiwa na OSHA kwa sheria ya 2003. Mtu akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Mfanyakazi hakatwi kitu.

Tatizo ni neno "mwajiri". Wengi kwenye Bongo Movie wanaitwa kwa simu, wanalipwa posho ya siku na hawasaini chochote. Ukivunjika mguu kwenye tukio la pikipiki, swali la kwanza litakuwa nani alikuajiri. Mkataba wa ukurasa mmoja, wenye tarehe, malipo na jina la prodyuza, unalijibu swali hilo. Dai uusaini kabla kamera haijawashwa, na uliza pia gari la kukimbiza majeruhi Itumba liko wapi na nani ana ufunguo.