Karama na kipaji

Mtu aweza kudhani neno karama limetokana na charisma la Kigiriki, kwa jinsi yanavyofanana masikioni. Sivyo. Karama ni la Kiarabu, ndugu wa karimu, ukarimu na takrima. Katika mzizi wake mna heshima na ukunjufu wa mkono. Waislamu nao husema karama za mawalii, yaani maajabu yao. Lile la Kigiriki liliingia kwa mlango mwingine, nalo ndilo lililotupa karismatiki.

Biblia ya Union Version ya 1952 inatumia karama katika 1 Wakorintho 12. Tafsiri ya Habari Njema imeweka vipaji. Kipaji ni neno zuri, la ukoo mmoja na kitenzi -pa. Ila siku hizi limehamia viwanjani na majukwaani, likamtukuza mwenye nacho kuliko anayenufaika nacho. Hapo ndipo karama inapolizidi: ndani yake ukarimu bado unasikika.

Paulo, katika Warumi 12, anataja kuhudumu, kutoa na kurehemu pamoja na unabii. Lakini tangazo la kanisani likisema wenye karama wapite mbele, huinuka waimbaji na waombaji. Mama wa jumuiya aliyekesha msibani akisugua masufuria kwa majivu, vidole vimesinyaa kwa maji, hubaki kwenye benchi.

Naye ana karama. Wachungaji, siku mkizitaja, mtajeni na yeye.