Milki na Maandishi katika Ardhi ya Kitengela

Mkataba wa 1904 baina ya serikali ya Uingereza na Wamaasai ulitamka kwamba ungedumu maadamu Wamaasai wapo. Haukutimiza miaka saba. Mwaka 1911 uliandikwa mwingine, na Wamaasai wa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini. Walipokwenda mahakamani, daawa yao ilitupwa 1913: ilihukumiwa kwamba maandishi yale yalikuwa mapatano ya mataifa mawili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Kwa hiyo Wamaasai walitambuliwa kuwa taifa, na kutambuliwa huko ndiko kulikowakosesha haki.

Yafaa kuyakumbuka hayo katika kuzichungua habari za Kitengela, nchi ya Wakaputiei. Huko haki ya malisho haikuandikwa, ilitamkwa. Eneo la majirani watumiao maji na majani kwa pamoja huitwa enkutoto. Malisho yaliyotengwa kwa ndama karibu na boma huitwa olopololi. Maneno haya yataja matumizi na majira kuliko mipaka. Neno milki, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, lataja mtu na kitu chake, na si rahisi kulitwika maana ya enkutoto.

Sheria ya 1968 ilijaribu kulitwika. Ardhi iliandikishwa kwa jina la kundi, chini ya wawakilishi waliochaguliwa, na ranchi za kikundi zikaenea Kajiado. Lakini daftari lilihitaji majina, na majina yaliyoingia yalikuwa hasa ya wanaume wenye boma. Mke, ambaye kwa desturi alikuwa na nyumba yake na ng'ombe aliogawiwa, hakuonekana humo. Wala wana waliozaliwa baadaye hawakuonekana. Yamkini desturi ilijeruhiwa hapo, wala si siku ardhi ilipogawanywa, kama idhaniwavyo mara nyingi.

Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988, kila mwanachama akapata kipande na hati yake. Nairobi ilikuwa karibu, na hati huuzika. Vipande vilikatwa tena kuwa viwanja. Nyua za waya zikafunga njia za mifugo, na za nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliifuta ile ya 1968, ikawataja waziwazi wanawake na vijana. Kitengela ilikuwa imekwisha kugawanywa miaka 28 kabla yake.