Katondoozi: kitabu cha kutafutia neno

Kwa mfugaji wa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, ng'ombe wa kahawia si jibu. Ataulizwa: ni gaaju, mwenye rangi hafifu, au ni bihogo, aliyekolea hadi wekundu? Wanyarwanda waliopokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wana majina hayohayo, kwa tofauti ndogo ya matamshi. Utajiri wa namna hii kamusi ya kawaida huutawanya: neno moja huku, jirani yake kurasa mia mbili mbele, kwa amri ya alfabeti tu.

Aliyeikataa amri hiyo ni Peter Mark Roget, aliyezaliwa London mwaka 1779. Wengi humdhania mtu wa fasihi. Alikuwa daktari, tena mwandishi wa fiziolojia ya wanyama na mimea, na ndiyo maana aliyapanga maneno kama mwanabiolojia apangavyo viumbe. Orodha yake ya kwanza, ya 1805, ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe. Aliichapisha 1852, akiwa na miaka 73 na amekwisha kustaafu ukatibu wa Royal Society: makundi makuu sita, vichwa 1,000, kila kichwa na visawe vyake. Msomaji huingia na maana, hutoka na neno. Roget aliendelea kuisahihisha mpaka kifo chake, 1869.

Huku kwetu, kwa vitabu vya namna hii, Kiswahili kilitangulia: Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said Ahmed Mohamed ilitoka Nairobi 1998. Wasomaji wa Mbarara, huko Ankole, walikuwa bado na kamusi ya Charles Taylor ya 1959, ya Runyankore-Rukiga, lugha ya huko, na Kiingereza. Ndipo Fountain Publishers, kampuni iliyoanzishwa Kampala na James Tumusiime mwaka 1988, ikatoa Katondoozi y'Orunyankore-Rukiga, kitabu cha visawe cha lugha hiyo. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko kamusi yoyote ya lugha mbili, kwa sababu lugha inajieleza yenyewe bila kumpigia Mwingereza hodi.

Nakivale, hata hivyo, Mkongo aliyekuja na Kiswahili chake na mwenyeji wa Isingiro bado humtegemea mkalimani, na huyo hana kitabu cha kumsaidia. Wachapishaji wakitaka kazi inayofuata, waanzie hapo: visawe vya Kiswahili na Runyankore-Rukiga kwenye ukurasa mmoja, maumivu na mazao kwanza, msamiati wa ofisini baadaye.