Darubini ya bunduki: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Umepita kwenye kamati za ulinzi na usalama, umesubiri kibali, na sasa raifo yako imesajiliwa kwa jina lako. Linalofuata ni swali la darubini ya kulengea: ipi inafaa? Wengi huomba ile inayovuta mbali zaidi. Kwa mazingira yetu ya miteremko ya Mlima Meru na nyika za Longido, Monduli na Simanjiro, mara nyingi huo si uchaguzi mzuri. Tunaeleza hapa kwa nini.

Darubini inafanya kazi gani

Darubini haiongezi nguvu ya risasi, wala haimgeuzi mtu kuwa mlenga shabaha hodari. Ukilenga bila darubini, jicho linapanga vitu vitatu: pengo la nyuma, kidoto cha mbele ya mtutu, na mnyama. Ukiwa na darubini, msalaba na mnyama vinaonekana pamoja kwa uwazi uleule. Nafuu hiyo ni kubwa hasa kwa aliyevuka miaka 40, ambaye macho yake yameanza kushindwa kuona vitu vya karibu.

Jinsi ya kusoma namba

Ukikuta imeandikwa 3-9x40, maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Ukiona namba moja tu mwanzoni, mfano 4x32, ukuzaji wake haubadiliki.

Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji. 40 kwa 4 ni 10. 40 kwa 9 ni kama 4.4. Hilo ndilo duara la mwanga, kwa milimita, linalofika kwenye jicho lako. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kwa hiyo alfajiri na magharibi, kadiri unavyokuza zaidi ndivyo picha inavyofifia.

Kukuza sana kuna hasara nyingine. Kwenye mara 3, kwa umbali wa mita 100 unaona upana wa takriban mita 11. Kwenye mara 9 unaona mita 4 na nusu tu. Mnyama akihama hatua chache, umempoteza.

Chagua kulingana na mahali

Kwenye vichaka na misitu, ambako mnyama huonekana akiwa ndani ya mita 50, darubini ya 1-4 au 1.5-5 inatosha kabisa. Kwenye nyika ya wazi, kwa swala au pofu wa mita 100 hadi 200, ile ya 3-9 ni nyingi tayari. Popote ulipo, tembea ukiwa umeiweka kwenye ukuzaji mdogo. Utaongeza ukipata nafasi. Mnyama akitokea ghafla karibu nawe hutapata muda wa kupunguza.

Linda nyusi zako

Bunduki ikilia hurudi nyuma, na darubini hurudi nayo. Uliza umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Kwa raifo za kawaida, sentimita 8 hadi 9 zinafaa. Kwa bunduki nzito kama .375, ambacho ndicho kipimo cha kuanzia kwa nyati, tafuta sentimita 9 au 10. Umbali ukiwa mfupi, ukingo wa darubini utakupasua juu ya jicho.

Usifunge darubini ya bunduki ya upepo kwenye raifo kubwa. Haikutengenezwa kuhimili mshtuko huo, na msalaba wake utahama bila wewe kujua.

Ukungu, vumbi na vifungio

Asubuhi za Meru zina ukungu na baridi, na Longido ina vumbi. Chagua darubini iliyozibwa vizuri na kujazwa gesi ya naitrojeni ili ndani isipate mvuke. Usimalize fedha zote kwenye lenzi ukanunua pete za kufungia za bei ya chini. Pete zikilegea, darubini ghali haina maana. Bomba la darubini huwa la inchi 1 au milimita 30, na pete lazima zilingane nalo. Mpe kazi hiyo fundi silaha mwenye leseni.

Kusawazisha shabaha

Darubini iliyofungwa leo haijawa tayari kwa kesho. Anza na mita 25, kisha mita 100. Piga risasi tatu kwa utulivu, angalia katikati ya matundu, ndipo uzungushe kitufe. Kwenye darubini nyingi, mlio mmoja wa kitufe husogeza risasi takriban milimita 7 kwa mita 100. Risasi zikienda sentimita 7 kushoto, zungusha milio 10 kwenda kulia. Bunduki ikianguka au ikisafirishwa kwenye barabara mbovu, rudia. Fanya hivyo kwenye kiwanja kinachoruhusiwa. Kama hukijui, waulize polisi wa wilaya yako.

Sababu ya kusisitiza hili ni moja: nyati aliyejeruhiwa haishii kwa mwindaji. Kesho yake anaweza kukutana na mama anayekata majani ya ng'ombe au mtoto anayechunga mbuzi.

Sheria na usalama

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakupa kumiliki bunduki, si kuwinda. Kuwinda kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hakuna uwindaji, na kuwinda usiku bila idhini ni kosa. Wanyama wakiingia shambani, mpigie afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA kwanza.

Mwisho, kamwe usitumie darubini ya bunduki kuangalizia kitu usichokijua. Kutazama kwa darubini hiyo ni kuelekeza mtutu, na kinachotikisika kichakani kinaweza kuwa mtu. Kwa kuangalizia, beba darubini ya mkononi. Risasi ya raifo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na miteremko yetu imejaa nyumba na migomba. Kabla ya kufyatua, jua kilicho nyuma ya shabaha yako. Kama hukijui, usifyatue.